Mwosha Vibano wa Madamu

Ukitaka kumjua mtu anayebandika kope, usimtazame usoni, wala usisome vyeti alivyotundika ukutani. Tazama kibano chake anapomaliza kazi. Mimi nilivitazama vya watu kila siku mchana kwa miaka miwili na ushee, vikiletwa kwenye sinia la chuma, ishirini, siku nyingine ishirini na vinne, na vingi vilinitia kinyaa. Kulikuwa na mwanafunzi aliyekibana kibano kama anayeng'oa msumari, mpaka ncha zikaanza kuachana. Kulikuwa na mwingine aliyeniletea chake kina tone la gundi limekauka juu yake, kubwa kama punje ya mtama, huku akiapa kwamba amekifuta mara mbili. Na kulikuwa na mke wa bosi fulani, mwanamke wa kucha ndefu na maneno mengi, aliyetumia kibano chake kutolea laini ya simu. Nilipomuuliza akasema, "Jamani Shangazi, si chuma tu hicho?"

Mtu anayeweza kusema hivyo kuhusu kitu kinachofika umbali wa unywele mmoja kutoka kwenye mboni ya jicho la mwenzake, utamwambia nini akuelewe?

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Darasa lilikuwa na vitanda sita vyembamba na taa za duara zinazomfanya hata mgonjwa aonekane bibi harusi. Pembeni ilikuwa ofisi yenye kiti kimoja kizuri. Mwisho wa korido ndipo palipokuwa na chumba changu, kilichokuwa stoo kabla hakijawekewa sinki. Wote waliniita Shangazi kwa sababu mwenye chuo, mkufunzi mkuu, alikuwa mtoto wa kaka yangu. Nilimwogesha mimi akiwa na siku nne, mama yake akiwa hajiwezi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na siku yangu ya kwanza kazini aliniita ofisini akafunga mlango.

"Shangazi, nyumbani ni nyumbani," alisema. "Hapa kazini naomba uniite Madamu. Ili tuheshimiane."

Nikamwita Madamu. Tangu siku ile hakuniamkia tena, hata tulipokutana kwa baba yake. Kuheshimiana kwenyewe kulikuwa na upande mmoja tu.

Kazi ile sikuipata kwa kuombaomba. Mume wangu alikuwa fundi saa, na nilikaa ubavuni kwake kwenye kibanda chenye kioo mbele kwa miaka kumi na tisa. Aliponioa alinikabidhi vibano vyake saba kabla hajanikabidhi ufunguo wa nyumba. Alinifundisha kuvitazama kwa lenzi ya jicho moja, kuvinyoosha, kuvisugua ncha kwa msasa laini mpaka zikutane kama midomo ya mtu anayetunza siri. Halafu watu wakaanza kutazama saa kwenye simu. Kibanda kikabaki kinabadilisha betri na mikanda, na mwenyewe akafa na kikohozi chake. Kaka yangu ndiye aliyemwambia binti yake, "Mpe shangazi yako kitu cha kufanya." Akanipa sinki. Kila mgeni aliyekuja chuoni alioneshwa sinki hilo na mimi niliyesimama mbele yake. "Huyu ni shangazi yangu, nimemchukua hapa, nyumbani angekufa kwa upweke." Mgeni ananitazama kwa huruma, Madamu anatazama anavyotazamwa.

Basi nikaosha. Kuosha kibano cha kope si kukichovya kwenye maji na kukitikisa kama kijiko. Kwanza unaondoa gundi kwa dawa yake na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuta kutoka mpini kwenda nchani. Ukienda kinyume utanasa, na utaondoka na ncha. Kisha sabuni na maji ya vuguvugu, mswaki laini, na suuza. Unakikausha, ndipo kinaingia kwenye dawa ya kuua vijidudu, dakika kumi kwa saa, si kulala humo mpaka asubuhi kama walivyofanya wavivu waliokuwapo kabla yangu, wakatoa vibano vina kutu kwenye maungio kama kufuli la geti. Unasuuza, unakausha tena, unakivisha kifuniko chake cha mpira, unakilaza. Hakisimamishwi kwenye kikombe, ncha chini, kama kalamu ya karani.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kufanya. Niliyoyafanya zaidi ya hapo hakuna aliyenituma, na hapo ndipo penye hadithi.

Madamu alikuwa mwangushaji. Sijui kama mikono yake ilikuwa na mafuta au kichwa chake kilikuwa na haraka, lakini wiki haikupita bila kibano chake kugonga sakafu. Alikitumia kufungulia kofia ya chupa ya gundi iliyoganda. Alikitumia kunyooshea watu, kugonga ubao, kuchokoa meno ya zipu ya mkoba wake. Kila mara kilinifikia kwenye sinia, ncha moja imekunjika kwa upana wa unywele, na unywele ndio kipimo cha kazi yetu. Nilikuwa na lenzi ya marehemu mfukoni. Nilikuwa na msasa na koleo ndogo niliyoivisha kitambaa. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikakinyoosha taratibu, nikapitisha msasa katikati ya ncha, nikakielekeza dirishani kuona kama mwanga unapita. Mwisho nilikijaribu kwenye vinyweleo vya mgongo wa mkono wangu. Kibano kizuri kinakamata kinyweleo kimoja na kukiinua bila kuking'oa.

Kesho yake nilimsikia darasani. Korido ile ilipitisha sauti.

"Hiki kibano," alikuwa akisema, "nina miaka sita nacho. Miaka sita, hakijawahi kukunjika hata siku moja. Mnajua kwa nini?"

Wanafunzi wakainua simu wamrekodi.

"Mkono," akasema. "Mkono mwepesi hauharibu kifaa. Huu haufundishwi, mtu anazaliwa nao."

Nilikuwa nimekinyoosha Jumatatu. Wiki iliyotangulia nilikinyoosha mara mbili.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Nami nimejiuliza. Sababu si wema, usinivishe kilemba cha ukoka. Dharau ina utamu wake, mtu anaweza kuilamba peke yake jikoni bila kumgawia mtu. Kila alipojisifu mbele ya wale wanawake waliojibana kulipia mafunzo yake, mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki langu nikitabasamu kama paka aliyeona maziwa yamesahauliwa. Nilijua mkono mwepesi ulikuwa wa nani. Niliona kujua kwangu kunatosha.

Kati ya wanafunzi wa mwaka ule alikuwapo mmoja tu ambaye sikumdharau. Alikuwa mshonaji nguo, mwanamke mnene wa makamo, macho yake yamezoea tundu la sindano. Wengine walinitupia sinia wakaondoka. Yeye siku moja alisimama mlangoni na kibano chake mkononi.

"Shangazi," akasema, "hiki jana kilikuwa kinashika kope mbili mbili. Leo kinashika moja. Umekifanya nini?"

"Nimekiosha."

"Kuosha hakunyooshi chuma. Mimi nina mkasi nyumbani mwaka wa kumi na moja, najua."

Nikamtazama upya. Nikampa lenzi. Nikamwonesha ncha zinavyotakiwa kukutana, kwanza kwenye kikomo kabisa, kisha kidogo nyuma yake. Nikamwonesha pia kwamba ukibana kwa nguvu ncha hupishana kama miguu ya mlevi. Alinisikiliza kama mtu mwenye njaa. Siku ya pili akaja na mwenzake, siku ya tatu wakawa wanne, wamebanana kwenye stoo ile, nami nimekaa kwenye ndoo yangu kama mwalimu mkuu.

Madamu akatukuta. Alisubiri watoke.

"Shangazi, hapa anafundisha mtu mmoja."

"Walikuwa wanauliza tu."

"Wakiuliza, waambie waje kwangu. Unawachanganya. Wewe umesomea wapi mambo ya kope?"

"Sijasomea kope. Nawaonesha kibano."

"Wewe osha," akasema, na akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha. "Osha tu, Shangazi wangu. Usijipe kazi ambayo hukupewa."

"Sawa, Madamu," nikasema. "Nitaosha tu."

Na ndivyo nilivyofanya. Jioni ile nilirudisha lenzi na msasa na koleo nyumbani, nikavifungia kwenye kabati. Tangu hapo vibano vya Madamu viliingia kwangu vichafu vikatoka visafi, basi. Vikija vimekunjika viliondoka vimekunjika, vinang'aa.

Wiki ya kwanza hakukuwa na kitu. Ya pili nikaanza kusikia darasani ile "aa" ndogo ya mtu aliyeona aibu. Kope zilianza kunasana. Alipotaka kutenga unywele mmoja wa asili ili abandike mmoja wa bandia, kibano kilimletea mbili, tatu, zikagandiana kama mapacha walioungana. Akalaumu gundi, akatupa chupa tatu nzima. Akalaumu unyevu wa hewa, akanunua kifaa cha kuupima, akakitundika ukutani, kikawa kinasoma namba ambayo hakuna aliyejua maana yake. Akafunga madirisha. Akazima feni, watu wakatoka jasho juu ya macho ya wenzao. Kisha akawalaumu wanaolala kitandani. "Una kope za ajabu," nilimsikia akimwambia binti mmoja, ambaye alirudi nyumbani akiamini kwamba Mungu alimkosea.

Hakuwahi kukitazama kibano. Hata mara moja. Niliona wanafunzi wachache wakitazamana. Mshonaji alikuja mlangoni kwangu, akaniuliza kwa macho. Nikamwambia, "Mimi naosha tu."

Madamu akanunua vipya. Vilikuja vya rangi ya dhahabu, ndani ya kikasha chenye kitambaa laini kama cha pete. Akavipitisha darasani mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Mimi nilipovipata kwenye sinia nilivielekeza dirishani kwa mazoea, na hata bila lenzi niliona kimoja kati ya viwili hakikuwa kimekutana ncha tangu kilipotoka kiwandani. Kipya nacho hukaguliwa. Mtoto wa fundi yeyote anajua. Kile cha pili, kilichokuwa kizima, alikiangusha siku ya nne.

Sitadanganya kwamba nilihuzunika. Zile zilikuwa wiki sita nzuri kwangu kuliko nyingi tangu nifiwe. Nilikuwa naamka mapema. Nilikuwa nawahi kazini ili nisikose kusikia anavyoumbuka. Nilimwona mjinga, nikawaona wajinga waliomlipa, nikamwona mjinga kaka yangu aliyemlea akidhani kila anachokigusa kinageuka sifa. Nilikuwa nimewapanga wote kwenye rafu, kila mmoja na kibandiko chake.

Kisha ikaja barua ya msambazaji wa vifaa vya kope. Alitaka sura ya mkufunzi mmoja iwekwe kwenye makasha ya bidhaa zake, na angekuja na mpiga picha kumwona Madamu akifanya kazi, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi. Chuo kikapakwa rangi. Mimi nikapewa gauni jeupe.

Wa kubandikwa alitafutwa mtu wa heshima. Akapatikana muuguzi wa zahanati ya jirani, mwanamke mtulivu mwenye kope fupi, aliyetoka zamu moja kwa moja na viatu vyake vya kazini. Alilala kitandani, akafumba macho, akasema kwa mzaha kwamba akisinzia asiamshwe, hajalala vizuri siku tatu.

Msambazaji alikuwa mwanamume mwembamba asiyesema sana. Alisimama mikono nyuma. Mpiga picha akainama na kamera yake. Nami nikapita na sinia, vibano vya dhahabu vimelala juu ya kitambaa, safi kuliko roho yangu. Nilikuwa nimeviosha asubuhi. Nilikuwa nimeona jinsi kile cha kushoto kilivyokuwa, ncha moja imepanda juu ya nyingine, kali upande kama ukucha uliokatika. Niliviweka mezani nikarudi nyuma hadi mlangoni, mahali pa kuonea vizuri.

Madamu akaanza na hotuba ya mkono. Kisha akainama. Kope ya kwanza ikakaa, kwa bahati. Ya pili ikaja na jirani zake. Akajaribu kuzitenga, zikagoma. Nilimwona anakaza vidole, na nikajua kinachofuata kama unavyojua glasi itaanguka ikiwa bado iko ukingoni.

"Inachoma," alisema muuguzi.

"Tulia mpenzi, usichezeshe jicho."

Akabana zaidi. Ncha zikapishana. Ile kali ikateleza ikaingia ukingoni mwa kope la jicho, muuguzi akashtuka, jicho likafumbuka, na gundi iliyokuwa kwenye kibano cha pili ikaingia ndani.

Hakupiga kelele, hilo ndilo ninalolikumbuka. Alivuta pumzi kwa meno. Uzi mwembamba wa damu ukashuka kwenye pedi nyeupe iliyobandikwa chini ya jicho. Madamu alibaki na mkono hewani, kibano kimeinuliwa, akitazama kamera na si jicho.

"Toa mkono," nikasema.

Sikujua kwamba nilikuwa nimeshavuka chumba. Nilimshika kifundo cha mkono, nikauondoa. Muuguzi mwenyewe, jicho limefungwa kwa kiganja, ndiye aliyetoa amri. "Maji safi. Mengi. Nigeuzeni upande." Mshonaji akawa wa kwanza kufika na jagi. Tulimmwagilia jicho kwa muda mrefu, mwenzake akimshikilia kichwa, sakafu ikalowa, nyaya za taa zikakanyagwa, mpiga picha akashusha kamera yake bila kuambiwa.

"Kilikuwa kichafu?" aliuliza msambazaji nyuma yetu.

"Huyo ndiye anayeshughulika na vibano," alisema Madamu haraka. "Shangazi, nilikwambia uviangalie."

Nikachukua kibano kutoka mezani, nikakielekeza kwenye taa, nikampa yule bwana. Hakuhitaji lenzi. Alikitazama, akakigeuza, akamtazama Madamu.

"Hiki kimekunjika muda mrefu," akasema.

"Mimi naosha tu," nikasema. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa wiki sita. Nilidhani yatakuwa matamu mdomoni. Msambazaji alikirudisha kibano mezani, akafungua mlango akaondoka, mpiga picha nyuma yake.

Madamu akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yakimtoka. Akamwambia muuguzi kwamba haijawahi kutokea, kwamba atampeleka kwa daktari sasa hivi, kwamba huyu mzee ni shangazi yake wa damu, hakukusudia.

Muuguzi aliinuka akakaa. Jicho moja lilikuwa jekundu limevimba. Kwa lile zima alinitazama mimi, si yeye.

"Wewe ndiye uliyekiosha asubuhi?"

"Ndiyo."

"Ulipokiosha, ulikiona kilivyo?"

Ningeweza kusema sikuona, mimi ni mzee, macho hayana nguvu. Hakuna ambaye angebisha.

"Nilikiona," nikasema.

"Ukakileta."

"Nilikileta."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesoma karatasi ya majibu akakuta alichotarajia.

"Basi ninyi ni ukoo mmoja kweli," akasema, na akaomba viatu vyake.

Nimetukanwa mara nyingi maishani, tena na watu wanaojua kutukana. Hakuna aliyewahi kunifikisha pale. Nilikuwa nimempanga kila mtu kwenye rafu yake, na mwanamke aliyejua habari zangu kwa nusu saa tu akanichukua akaniweka pembeni mwa mtu niliyemdharau kuliko wote.

Daktari wa macho alikuta mchubuko mdogo kwenye kioo cha jicho. Alimfunga bandeji, akampa matone. Siku tisa alikaa nyumbani bila kwenda zamu. Hayo nilielezwa na mshonaji, kwa sababu mimi chuoni sikurudi. Madamu alimtuma mtu aje achukue lile gauni jeupe.

Kaka yangu alipiga simu.

"Dada, umemwaibisha mtoto."

"Ana miaka thelathini na sita."

"Mbele ya wageni, Dada. Ungemwambia faraghani."

"Hapo umesema kweli," nikamjibu. "Ningemwambia faraghani. Kabla." Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sikumpa. Nikamuaga.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda zahanati. Muuguzi alikuwa chumba cha kufungia vidonda, jicho limefunguliwa, kope zake chache upande ule zimekatika kama nyasi zilizoliwa na mbuzi. Alikuwa akimsafisha mguu mzee mmoja. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na yote yakaniishia mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Nilijua, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kumwona akianguka. Wewe sikukufikiria."

"Najua hukunifikiria," alijibu. Akachukua pamba nyingine. "Sogea kidogo, unamzibia mgonjwa mwanga."

Nikasogea. Nikasimama pale mpaka akamaliza kufunga bandeji. Aliponawa mikono aliniambia kope huota tena, na kwamba alikuwa na kazi. Nikaondoka. Hakunisamehe, au kama alinisamehe hakunipa taarifa, na hilo nimelichukua kama lilivyo.

Mshonaji aliacha mafunzo mwezi ule. Alirudi kwenye cherehani yake, akanipa meza dirishani. Nilitoa lenzi na msasa kabatini. Yeye aliandika karatasi akaibandika kwenye kioo: *Tunanyoosha vibano, tunanoa mikasi.* Mwanzoni walikuja wawili watatu, wanafunzi wa zamani, wakiona haya. Kisha wakaja mafundi wa saluni za mbali, watu ambao hawakujua kwamba kibano hutengenezwa, waliokuwa wakitupa na kununua, kutupa na kununua. Wengi wao ni wazembe. Nawaambia hivyo usoni. Nimejifunza angalau hilo: dharau yangu siku hizi siifichi, naitoa kwa sauti, ili imfae mtu. "Hiki umekiangusha wapi?" namuuliza mteja. "Usiniambie hukukiangusha." Wananung'unika, lakini wiki ijayo wanakileta kimefunikwa ncha.

Miezi minne ilipita, akaja kijana wa mapokezi wa Madamu na kikasha cha dhahabu. "Madamu anasema uvitazame." Nikamrudishia. "Mwambie mwenyewe aje."

Akaja baada ya wiki mbili, miwani nyeusi usoni, kama anayekwepa wapiga picha ambao hawakuwapo. Wanafunzi walikuwa wamebaki sita. Alisimama kati ya magauni yaliyotundikwa, akavua miwani, akaniamkia.

"Kaa," nikasema. Nikamwekea lenzi jichoni, kibano mkononi, nikamgeuza dirishani. "Unaona nini?"

"Ziko sawa."

"Tazama tena."

Akatazama. Alikaa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, alivyokuwa akikaa zamani akifundishwa kufunga kamba za viatu.

"Kuna mwanga katikati," akasema.

"Haufai kuwapo. Haya, uondoe."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Alijikata kidole mara moja. Alikunja upande usiotakiwa, tukaanza upya. Alisugua kwa pupa, nikamgonga mkono. Alitoka jasho, rangi ya nyusi ikamshuka. Ilimchukua mchana wote kufanya kazi ninayoifanya kwa robo saa, na haikuwa nzuri, ilikuwa inatosha. Mwishoni aliinua kinyweleo kimoja kwenye mgongo wa mkono wake, akakishikilia bila kukivuta, akanitazama kama aliyevumbua moto.

"Nitawaambia wanafunzi nimepata mafunzo kwa mtaalamu," alisema akikusanya vitu vyake.

"Utawaambia mtaalamu huyo ndiye aliyekuwa anaosha?"

Alikiangusha kibano ndani ya mkoba, wazi, kati ya funguo na rangi za mdomo.

"Kifuniko," nikasema.

Akakitoa, akakifunika, akakirudisha kwenye kikasha. Akavaa miwani yake akatoka.

Mshonaji alikuwa hajainua kichwa kwenye cherehani. "Atavitunza?" aliuliza.

"Hatavitunza. Ijumaa vitakuwa vimeanguka."

"Kisha?"

"Kisha atakuja, nitamkalisha tena pale. Kuna watu wanalala chini ya mkono ule." Nikafuta lenzi. "Ila aje asubuhi. Mchana nina wateja wenye akili."